Simu Inazunguka, Meseji Haiji: Je, Utume Pesa Tena?



Leo tunalo swali ambalo kila anayelipa kwa simu amewahi kujiuliza, awe kwenye duka la leso Barabara ya Biashara, kibanda cha viungo Marikiti, au mbele ya muuza mihogo kule Mama Ngina. Umeingiza nambari ya tili, umeandika kiasi, umeweka PIN. Simu inazunguka. Halafu inakuambia kwamba muda umekwisha, ujaribu tena. Meseji haijaja. Muuzaji anakutazama, na nyuma yako kuna watu wawili wanaongoja.

Ufanyeje? Jibu fupi ni hili: usitume tena mpaka uwe umeangalia. "Muda umekwisha" haina maana kwamba pesa hazikutoka. Ina maana kwamba simu yako imechoka kungoja jibu. Haya ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya watu kulipa mara mbili.

Tutaanza na kinachotokea ndani ya simu, twende kwenye hatua za kufuata, kisha mwishoni tuwape sehemu yao vijana wanaoandikia maduka programu za malipo kwa Python.

Nini hutokea ukibonyeza "tuma"?

Simu yako haihamishi pesa. Inapeleka ombi tu. Ombi hilo linatoka kwenye simu hadi mnara, kutoka mnara hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza daftari la pesa. Seva ndiyo inayopunguza kwako na kuongeza kwa muuzaji. Kisha inarudisha jibu kwa njia ileile.

Ukitumia programu ya simu, ombi na jibu hupita kwenye kitu kinachoitwa soketi. Ifikirie soketi kama simu ya mezani ya zamani: pande mbili zimeunganishwa, kila upande una mkono wa kusikilizia, na kinachosemwa huku kinasikika kule. Shida ya soketi ni kwamba upande wa pili ukinyamaza, huwezi kujua kwa nini. Huenda mwenzako anatafuta daftari. Huenda njia imekatika katikati. Huenda ameondoka kabisa. Kwako wewe unayesikiliza, yote matatu ni kimya kilekile.

Kwa nini kila kusubiri kunawekewa kikomo

Kwa kuwa kimya hakijielezi, programu nzuri hujiwekea kikomo: nitangoja sekunde kadhaa, jibu lisipokuja nitaacha kusikiliza na nimwambie mwenye simu. Bila kikomo hicho, simu ingeendelea kuzunguka hadi betri iishe, na kompyuta ya dukani ingeganda na kumzuia mteja wa pili, wa tatu na wa kumi.

Pengine utauliza: kwa nini kisiwekwe kikomo kirefu, dakika tano hivi, ili jibu lipate nafasi ya kufika? Kwa sababu safari yenyewe ni fupi mno. Mwanga ndani ya kebo za mawasiliano husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kama seva iko umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ongeza mnara, ongeza kazi ya seva, bado kwa kawaida ni sekunde chache tu. Ukishangoja nusu dakika, tatizo si umbali. Kuna kitu kimekwama, na kuendelea kukaa kimya hakukikwamui.

Mfano wa mtoto na nazi

Umemtuma mtoto Marikiti na shilingi 100 akanunue nazi. Umemwambia arudi upesi. Saa nzima imepita, hajaonekana. Kuna mambo mawili yanayowezekana:

1. Hajafika dukani. Yuko njiani na pesa bado ziko mfukoni mwake.
2. Alifika, amelipa, nazi anayo, ila amekwama akirudi.

Ukiwa umesimama mlangoni kwako, huwezi kutofautisha haya mawili. Ukimtuma mtoto wa pili na shilingi 100 nyingine, ikiwa ni hali ya kwanza umefanya vyema. Ikiwa ni ya pili, utapikia nazi mbili na umelipia mbili. Mwenye busara hampi mtoto wa pili pesa. Humtuma akaulize: "Je, wa kwanza alifika?"

Malipo ya simu ni hivyohivyo. Ombi likipotea likienda, pesa hazijaguswa. Jibu likipotea likirudi, pesa zimeshatoka na muuzaji ameshawekewa. Skrini yako inaonyesha maneno yaleyale kwa hali zote mbili.

Mambo yanavyokuwa dukani

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuja kununua leso za shilingi 1,800. Amelipa, simu imezunguka, ikakata.

"Ami, naona imesema muda umekwisha."

"Hata hapa sijaona kitu, mwanangu. Tuma tena tu."

Kijana anatuma tena. Hii ya pili inaingia mara moja, meseji mbili zinalia, moja kwake na moja kwa muuzaji. Wanaagana vizuri. Akiwa amefika Kibokoni, simu inalia tena: ile ya kwanza nayo ilikuwa imepita, ni meseji tu iliyochelewa. Shilingi 3,600 zimetoka kwa leso za 1,800.

Tazama kwamba hakuna mwizi hapa. Ami hakukusudia kitu na kijana hakukosea nambari. Wote wawili walisoma kimya kana kwamba ni "hapana". Na ikiwa zile 1,800 zilikuwa nauli ya kesho na chakula cha jioni, kusubiri zirudishwe si jambo dogo.

Kwa nini hali hii ni ya kawaida hapa kisiwani

Sababu ya kwanza ni kuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, vichochoro vyembamba. Kuta hizo huzuia joto vizuri sana, na huzuia mawimbi ya simu pia. Ukiwa ndani kabisa ya duka la Ndia Kuu, simu inaweza kupeleka ombi kwa nguvu ya mwisho iliyonayo na ikakosa kulipokea jibu. Hatua tatu kuelekea mlangoni huleta tofauti kubwa kuliko kubonyeza mara tatu.

Sababu ya pili ni msongamano. Jioni za Ramadhani kabla ya futari, au wiki ya Idi, watu wengi hulipa kwa wakati mmoja mahali pamoja. Maombi hupanga foleni, na foleni ikizidi kikomo cha simu yako, simu hukata ilhali ombi lako bado liko kwenye foleni na zamu yake itafika.

Sababu ya tatu iko baharini. Kebo kadhaa za intaneti za Afrika Mashariki hutua nchi kavu hapahapa Mombasa. Ya TEAMS, inayotuunganisha na Fujairah kule Falme za Kiarabu, ilifika mwaka 2009. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, nanga ikaikata kebo hiyo. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwenye bahari ya kusini, na intaneti ikawa nzito Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko.

Je, kebo ikikatika, malipo yote husimama? Sivyo. Inategemea seva iko wapi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 na kwa miaka iliyofuata, seva zake zilikuwa nje. Zilihamishiwa Kenya kutoka Ujerumani mwaka 2015. Tangu hapo, malipo ya kawaida kutoka simu hadi simu hayana haja ya kuvuka bahari. Lakini duka, hoteli au kampuni ya tiketi inaweza kuwa na mfumo wake uliowekwa kwenye seva za Ulaya. Hapo pesa zinahama hapa nchini vizuri, ila taarifa ya kuwa zimehama inachelewa kumfikia muuzaji. Ndiyo maana mara nyingine wewe una meseji na yeye anasema hajaona kitu.

Hatua tano kabla ya kutuma tena

1. Simama, usibonyeze. Ngoja dakika moja au mbili. Ikiwa uko ndani, sogea mlangoni au barazani ambako mtandao ni mzuri.
2. Angalia meseji. Fungua meseji zenyewe. Usitegemee mlio, kwani huenda simu iko kimya au sanduku la meseji limejaa.
3. Angalia salio. Hii ndiyo hatua kubwa. Salio linasomwa kwenye daftari lenyewe. Ikiwa limepungua kwa kiasi ulicholipa pamoja na ada, malipo yamepita hata kama meseji haijaja.
4. Angalia taarifa ya miamala. Mwamala ukionekana pale, utakuwa na nambari yake. Muonyeshe muuzaji nambari hiyo.
5. Sasa amua. Ikiwa salio halijapungua na mwamala hauonekani baada ya dakika chache, lipa tena. Ikiwa umepungukiwa, usilipe. Mwambie muuzaji aangalie upande wake.

Ikiwa umeshalipa mara mbili, zungumza na muuzaji kwanza, kwa maana akikubali ni rahisi kuliko njia nyingine zote. Ikishindikana, omba kurudishiwa upesi iwezekanavyo. Kwa watumiaji wa M-Pesa, meseji ya mwamala wenyewe hutumwa kwenda 456. Usichelewe, kwa sababu pesa zikishatolewa upande wa pili kazi inakuwa ngumu.

Na tahadhari moja. Matapeli wanajua kwamba watu huhangaika pesa zikikwama. Mtu akikupigia akasema "pesa zako zimekwama, nipe PIN nizikwamue", kata simu. Pesa hazikwamuliwi kwa PIN yako. Sisi hatutakuuliza PIN, wala kampuni nyingine yoyote ya kweli haitakuuliza.

Kwa mwenye duka

Ami, Bi, nanyi mna sehemu yenu. Mteja akisema muda umekwisha, msimwambie "tuma tena". Mwambieni "tuangalie kwanza". Angalieni taarifa ya tili yenu, si meseji peke yake, maana meseji huchelewa na pia huweza kughushiwa. Andikeni kwenye daftari saa, kiasi, na tarakimu tatu za mwisho za simu ya mteja. Malipo yakiingia mara mbili, mtamjua ni nani na mtamrudishia bila ugomvi. Mteja aliyerudishiwa pesa zake bila kuzungushwa harudi peke yake. Huja na jirani.

Kwa vijana wanaoandika programu za malipo

Sehemu hii ni ya yule kijana aliyemwandikia mjomba wake programu ya duka kwa Python. Wengine mnaweza kuruka hadi kwenye maswali.

Jambo la kwanza la kujua: soketi ya Python, usipoiwekea kikomo, hungoja milele. Hali yake ya mwanzo ni `None`, yaani hakuna kikomo. Ikishaunganishwa na upande wa pili ukanyamaza, `recv` itakaa hapo hadi mtu azime kompyuta. Hata kuunganisha tu, kwenye Linux yenye mipangilio ya kawaida, kunaweza kuchukua zaidi ya dakika mbili kabla mfumo haujakata tamaa. Maktaba ya `requests` nayo haina kikomo usipoitajia.

Jambo la pili ndilo kubwa: kuna vikomo viwili na maana zake ni tofauti. Kikomo cha kuunganisha kikikwisha, ombi halijatoka, kwa hiyo unaweza kujaribu tena bila hofu. Kikomo cha kusubiri jibu kikikwisha, ombi huenda limefika. Hapo hujui, na programu yako lazima ikubali kwamba haijui.

```python
import socket

def tuma_ombi(seva, mlango, ombi):
    try:
        soketi = socket.create_connection((seva, mlango), timeout=5)
    except OSError:
        return "HALIKUTUMWA", None

    with soketi:
        soketi.settimeout(20)
        try:
            soketi.sendall(ombi)
            jibu = soketi.recv(4096)
        except OSError:
            return "HAIJULIKANI", None

    if not jibu:
        return "HAIJULIKANI", None
    return "LIMEJIBIWA", jibu
```

Soma kwa utaratibu. Tumeweka sekunde 5 za kuunganisha, kisha sekunde 20 za kusubiri. Tumekamata `OSError` badala ya `TimeoutError` pekee, kwa sababu kukatika kwa mtandao katikati kuna shaka ileile kama kwisha kwa muda. Na `recv` ikirudisha kitu kitupu, maana yake upande wa pili umefunga bila kujibu. Hilo nalo si "hapana". Huu ni mfano wa kujifunzia tu. Malipo ya kweli lazima yapite kwenye njia iliyofungwa kwa siri, na jibu lisomwe hadi mwisho, kwani huenda likaja vipande vipande.

Angalia mtego mmoja: `settimeout(20)` inahesabu kila `recv` peke yake. Seva ikikudondoshea herufi moja kila sekunde 19, programu yako itakaa saa nzima na kikomo hakitalia. Ukisoma kwa mzunguko, weka pia saa ya jumla kwa `time.monotonic()` na uache ikipita. Wala usiandike `settimeout(0)` ukidhani ni "bila kikomo". Hiyo ina maana usingoje hata kidogo. Kwenye `requests`, vikomo viwili huandikwa pamoja: `timeout=(5, 20)`.

Jambo la tatu: nambari ya kumbukumbu. Rudi kwenye mfano wa nazi. Ukimpa mtoto chiti yenye nambari, na mtoto wa pili ukampa chiti yenye nambari ileile, muuzaji anayetunza daftari atasema "hii nimeshaitoa". Kwa hiyo tengeneza nambari ya kumbukumbu kabla ya kutuma, ihifadhi kwenye hifadhidata, ndipo utume. Ukipata `HAIJULIKANI`, usitengeneze nyingine. Uliza hali ya mwamala ule kwa nambari ileile, baada ya sekunde 5, kisha 15, kisha dakika moja. Na kabla ya kutuma upya, hakikisha kwenye maelezo ya huduma unayotumia kwamba seva inazikataa nambari zinazojirudia. Si kila seva hufanya hivyo.

Mwisho, kama programu yako inampelekea mteja ombi la kuweka PIN kwenye simu yake, usiache soketi wazi ukimngojea. Binadamu anatafuta miwani, anazungumza na mwenziwe, anakumbuka PIN. Pokea jibu la kwanza la "ombi limepokelewa", funga, kisha ngoja taarifa ya matokeo kwenye anwani uliyoisajili. Na kwenye skrini ya mteja, usiandike "Imeshindikana" wakati hujui. Andika: "Bado tunathibitisha. Tafadhali usilipe tena." Sentensi hiyo moja inaokoa pesa za watu.

Maswali mnayouliza

*Je, pesa zinaweza kupotea hewani?* Ndani ya daftari moja, kupunguza kwako na kuongeza kwa mwenzako hufanywa pamoja: yote mawili au hakuna. Kinachopotea njiani ni ombi au jibu, si pesa. Ukihamisha kutoka benki kwenda simu, hayo ni madaftari mawili, na inawezekana yakachukua muda kulingana.

*Nikizima simu katikati, malipo yatasimama?* Hapana. Ombi likishatoka, kuzima simu ni kama kufunga mlango baada ya mtoto kuondoka. Unajizuia tu kusikia jibu.

*Menyu ya nyota na reli nayo ikikata je?* Kanuni ni ileile. Ikikata kabla hujaweka PIN, hakuna kilichotumwa. Ikikata baada ya PIN, angalia salio kwanza.

*Ningoje muda gani kabla ya kuwapigia?* Ukiwa umeangalia salio na taarifa ya miamala na bado mambo hayaeleweki, piga papo hapo. Uwe na saa, kiasi na nambari uliyolipa. Vitatu hivyo vinatutosha kulitafuta ombi lako.

Ukimaliza kusoma, mwonyeshe somo hili mwenye duka unayemlipa mara kwa mara, ili siku simu itakapozunguka, nyote wawili mseme neno moja: tuangalie kwanza.